Aliyekutunuku shahada siye anayeendesha chuo

Msimu wa mahafali ukifika, simu zetu hujaa picha. Kijana kavaa joho na kofia yenye kishada, mama kajitanda mtandio mpya, baba kasimama wima kama mlingoti, na nyuma yao jina la chuo kwa herufi kubwa. Nyinyi mlioko Muscat, Doha, Sharjah, London na Toronto mnajibu kwa mashaallah na hongera, na wengine mnatuma hata za halua. Ni haki yenu. Ada ya miaka mitatu au minne si mchezo, na nyingi ya ada hizo zimetoka kwenye mishahara ya Ghuba.

Lakini katika picha hizo kuna mtu ambaye hatumtazami. Jukwaani, katikati kabisa, ameketi mwenye joho la nakshi za dhahabu. Huyo ndiye anayesimama na kutamka kwamba anawatunuku wahitimu shahada zao, na huyo tunamjua, maana wapiga picha wote wako kwake. Pembeni yake ameketi mwengine mwenye karatasi mkononi. Atasoma ripoti ndefu ambayo hakuna anayeisikiliza: wanafunzi wangapi wamesajiliwa, maabara gani imejengwa, chuo kinadai nini serikalini. Huyo wa pili ndiye anayeendesha chuo. Jumatatu yake, wa kwanza atakuwa amerudi kwenye shughuli zake nyengine, na wa pili atakuwa ofisini anatafuta pesa za mishahara ya wahadhiri.

Nimefundisha sekondari zaidi ya miaka thelathini, na mpaka leo, nikiwa mstaafu, wazazi hunipigia simu kuniuliza chuo gani ni kizuri. Huniuliza ada, huniuliza mabweni, huniuliza kama kuna msikiti karibu na chakula cha halali. Hakuna aliyewahi kuniuliza chuo hicho kinaongozwa na nani na kwa utaratibu gani. Na hapo ndipo penye roho ya mambo.

Majina yanayotuchanganya

Tuanze na majina, kwa sababu kila nchi ina yake, na nyinyi mnaishi katika nchi nyingi.

Tanzania, yule mwenye joho la dhahabu huitwa Mkuu wa Chuo. Jina hilo linadanganya. Mzazi akisikia "Mkuu wa Chuo" anafikiri ni kama mkuu wa skuli, mtu wa kumfuata ofisini ukiwa na shida. Siye. Mwendeshaji hasa ni Makamu Mkuu wa Chuo. Kenya tunawaita Chansela na Naibu Chansela, tumefuata mtindo wa Kiingereza, na kwa Waingereza wenyewe mambo ni hayo hayo: Chansela wa Chuo Kikuu cha London tangu mwaka 1981 ni Binti Mfalme Anne, dada yake Mfalme Charles, wala hakuna mwanafunzi anayemtarajia ampangie ratiba ya mitihani.

Marekani hawataki umakamu. Mwendeshaji wa chuo humwita rais, na chini yake huweka mtu anayeitwa provosti, ambaye ndiye mkubwa wa mambo yote ya masomo. Rais anahangaika na wafadhili na wanasiasa, provosti anahangaika na maprofesa. Oman nako kuna jambo la kuchekesha kidogo: kiongozi wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kile kilichofunguliwa mwaka 1986 pale Al Khoudh, kwa Kiarabu ni raisi wa chuo, na kwa Kiingereza cheo hicho hicho ni makamu. Mtu mmoja, kiti kimoja, majina mawili.

Chini ya hao wako wengine. Yupo naibu anayeshughulikia taaluma, ambaye nitamrudia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Rasi wa Ndaki, yaani mkubwa wa kundi la idara zinazokaribiana, na Amidi, mkubwa wa skuli au kitivo. Maneno haya mawili mzee aliyesoma chuoni kwa Kiarabu atayatambua mara moja. Rasi ni kichwa. Amidi ni wa ukoo mmoja na neno la Kiarabu la nguzo, lile lile ambalo watoto wenu huko Muscat wanalisikia kila siku kwa mkubwa wa kitivo. Kwa hiyo kijana wenu akihama kutoka Oman kwenda Dar, atapotea njia ya daladala lakini kwa amidi hatapotea.

Cheo cha heshima na cheo cha kazi

Mkuu wa Chuo ni mlezi, ni jina, ni kivuli cha mwembe. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki tangu kilipoundwa mwaka 1963, na chuo hicho kilipogawanywa mwaka 1970 kikazaa vitatu, Dar es Salaam, Nairobi na Makerere, akawa Mkuu wa kile cha Dar. Zanzibar, Dkt. Ali Mohamed Shein alipokuwa Rais ndiye pia aliyekuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Kwetu Kenya, Rais Moi alikuwa chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma, na kila mahafali ilikuwa ni msafara wa magari ya dola. Rais Kibaki alipoingia aliuachia utaratibu ule, akawateua raia wenye heshima zao.

Mmoja wa hao wa mwanzo alikuwa ni wetu wa Mombasa. Mwaka 2003 Profesa Ali Mazrui aliteuliwa chansela wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Mzee alikuwa akiishi na kufundisha Binghamton, jimbo la New York, na aliendelea kukaa huko huko. Hilo peke yake linakuonyesha kwamba uchansela si kazi ya kuamka asubuhi na kufungua ofisi.

Makamu Mkuu ndiye wa kuamka asubuhi. Na kazi yake ni nini? Nikiifupisha, ni mambo manne.

La kwanza ni pesa. Yeye ndiye anayejibu kwa kila shilingi: ruzuku ya serikali, ada, misaada na madeni. Mkaguzi akikuta tundu, ni yeye anayeitwa.

La pili ni watu. Wahadhiri waajiriwe kwa sifa, wapandishwe vyeo kwa kazi waliyoandika na kufundisha, walipwe kwa wakati. Chuo kinaweza kuwa na jumba la ghorofa kumi lakini bila ya wahadhiri waliotulia ni ghala tu.

La tatu ni taaluma yenyewe: kozi gani ifundishwe, nani adahiliwe, mtihani utungwe vipi, usahihishwe na nani, na mtahini wa nje, yule mgeni kutoka chuo kingine anayekuja kukagua alama, aje kweli na asikilizwe. Mzigo huu kwa kawaida humwangukia yule naibu wa taaluma.

La nne ni mlango. Serikali inabisha, wanafunzi wanabisha, wafadhili wanabisha, wazazi wanabisha. Yeye ndiye bawabu. Akimfungulia kila mtu, chuo kinakuwa soko. Akimfungia kila mtu, chuo kinakufa kwa njaa.

Penye wengi, na manahodha wengi

Sekondari niliyosoma ilikuwa ya misheni. Mkuu wa skuli alikuwa padri, na neno lake lilikuwa la mwisho, kuanzia ratiba ya hisabati mpaka urefu wa nywele. Tulimwogopa na tulimheshimu, na skuli ilikwenda kama saa. Wazazi wengi wa rika langu wamelelewa na wakuu wa namna hiyo, kwa hiyo wanadhani chuo kikuu ni skuli kubwa zaidi, na Makamu Mkuu ni padri mwenye gari kubwa zaidi.

Sivyo. Makamu Mkuu hana ruhusa ya kumpa mtoto wako hata alama moja. Hawezi kuamua peke yake kwamba fulani amefaulu. Mambo ya taaluma yako mikononi mwa Seneti, baraza la maprofesa, maamidi, wakuu wa idara na wawakilishi wa wanafunzi. Yeye anaikalia kiti tu, kama mwenyekiti. Mambo ya mali, majengo na ajira kubwa kubwa yako kwa Baraza la Chuo, ambalo lina watu wa nje na mwenyekiti wake mwengine kabisa. Makamu Mkuu anasimama katikati: huku anaongoza Seneti, kule anawajibika kwa Baraza.

Wahenga wa pwani walituachia methali mbili zinazogombana. Moja inasema penye wengi hapaharibiki neno. Nyengine inasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Kazi ya Makamu Mkuu imekaa kati ya methali hizo. Wataalamu wake ni wengi na kila mmoja anajua la kwake kuliko yeye. Hawezi kuwaamrisha kama askari, wala hawezi kuwaacha kila mmoja avute upande wake. Anatakiwa awashawishi, awapatanishe, kisha jambo likishaamuliwa alisimamie litendeke. Ndiyo maana mwanazuoni mkubwa anaweza kuwa makamu mbovu, na mtu wa makamo tu katika taaluma yake akawa makamu mzuri.

Alama zilizopotea

Nitawapa mfano wa karibu, ili isionekane nasema mambo ya hewani.

Binamu yangu mmoja anaishi Seeb. Binti yake alirudi nyumbani kusoma katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Alimaliza mitihani yake yote. Siku ya kutolewa orodha ya wahitimu, jina lake halikuwamo. Kule Muscat kazi ilikuwa inamngoja, na kwa kawaida ya Oman shahada ya nje lazima ipelekwe wizara ya elimu ya juu ilinganishwe kwanza. Bila ya cheti hakuna kulinganishwa, na bila ya kulinganishwa hakuna kazi.

Binti akanipigia. "Ami, nimemwandikia mkubwa kabisa barua tatu. Hajibu hata moja."

Nikamuuliza barua zilikwenda kwa nani. Akanitajia Mkuu wa Chuo, yule wa joho la dhahabu. Masikini, barua zake zilikuwa zimekaa kwa mtu ambaye hana hata faili la wanafunzi. Nikamwambia, "Mwanangu, anza chini. Nenda kwa mkuu wa idara, umuulize somo gani halina alama."

Kumbe lilikuwa somo moja tu. Mhadhiri aliyelifundisha alikuwa wa mkataba, wa saa, hakuwa mwajiriwa. Alikuwa hajalipwa mihula miwili. Akaondoka, na karatasi za mtihani akaziacha kabatini bila ya kuzisahihisha. Darasa zima lilikuwa limekwama, watu zaidi ya thelathini, lakini wengi walikuwa wamekaa kimya wakidhani wamefeli.

Mkuu wa idara akasema yeye hana bajeti ya kumlipa msahihishaji mwengine. Amidi akasema amekwishaandika juu. Kwa naibu wa taaluma barua ilikuwapo, imegongwa muhuri wa kupokelewa, imekaa. Binti na wenzake saba wakaandika barua moja ya pamoja, fupi, yenye namba zao za usajili, jina la somo na tarehe ya mtihani, wakaipeleka kwa naibu huyo kwa mkono na nakala kwa Makamu Mkuu. Ndani ya wiki tatu karatasi zilisahihishwa. Lakini alama zikisahihishwa hazijawa alama mpaka bodi ya kitivo izipitie na Seneti izipitishe, na Seneti ilikuwa imekwishakaa kikao chake cha mwisho kabla ya mahafali. Akangoja mwaka mzima. Cheti alikipata, alhamdulillahi. Kazi ya Muscat ilikwenda kwa mwengine.

Mama yake mpaka leo anamlaumu yule mhadhiri. Mimi simlaumu sana. Mtu ana watoto, hajalipwa mihula miwili, afanye nini? Nalitazama jambo hili kwa juu. Yuko mtu aliyeamua kwamba kozi ile ifunguliwe na ada zipokelewe kabla ya kuhakikisha kuna mwalimu wa kudumu wa kuifundisha. Yuko aliyeiona barua ya amidi akaiweka. Uongozi wa chuo kikuu unapolegea, haulii king'ora. Unaonekana miaka mitatu baadaye, kwenye orodha ambayo jina la mwanao halimo.

Waliokalia kiti

Historia ya kiti hiki Afrika Mashariki ina mafunzo yake, matamu na machungu.

Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970 hakuwa profesa. Alikuwa Pius Msekwa, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa TANU na kabla yake Katibu wa Bunge, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika. Nchi ilitaka chuo kifuate siasa ya taifa, ikampeleka mtu wa chama. Mwaka mmoja tu baadaye, 1971, kiongozi wa wanafunzi Symonds Akivaga, Mkenya, alimwandikia barua ya wazi kuulalamikia uongozi. Akafukuzwa chuoni na kurudishwa Kenya, na wanafunzi wakagoma. Waliokuwapo wanayakumbuka mpaka leo. Lile lilikuwa swali ambalo bado halijaisha: Makamu Mkuu ni mtu wa serikali ndani ya chuo, au ni mtu wa chuo mbele ya serikali?

Uganda swali hilo liliulizwa kwa bunduki. Frank Kalimuzo alikuwa Makamu Mkuu wa Makerere wakati Idi Amin ametawala. Mwaka 1972 alichukuliwa na watu wa utawala na hakuonekana tena. Mazrui alikuwa Makerere miaka hiyo, alikuwa profesa na alikwisha kuwa amidi wa sayansi za jamii, na mwaka 1973 naye aliondoka Uganda. Nikisikia mtu anasema kazi ya kuongoza chuo ni ya kukaa kwenye kiyoyozi, humkumbuka Kalimuzo.

Wako waliojenga. Geoffrey Mmari, mtu wa hisabati na ualimu, alikuwa Makamu Mkuu wa kwanza wa Sokoine pale Morogoro mwaka 1984, kisha akaongoza Dar es Salaam, kisha akapewa kazi ngeni kabisa: kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1992, chuo kisicho na mabweni, cha watu wanaosoma huku wanafanya kazi. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1994. Wako walimu, mapolisi na makarani wengi ambao bila ya chuo kile wasingesoma shahada.

Matthew Luhanga aliongoza Dar es Salaam kuanzia 1991 mpaka 2006, miaka kumi na mitano. Alikikuta chuo kikongwe kwa uchakavu, akaongoza mpango mrefu wa kukifanyia mageuzi. Nyinyi mkija likizo Dar mnakwenda kununua vitu Mlimani City, ile iliyofunguliwa mwaka 2006. Je, mnajua ardhi ile ni ya chuo? Ilikodishwa kwa kampuni kutoka Botswana ili chuo kipate kipato chake. Wako waliosema chuo kimegeuka duka. Wako waliosema bora duka kuliko kuomba. Ndiyo maamuzi ya kiti kile: ukifanya utasemwa, usipofanya utasemwa.

Na wako akina mama. Penina Muhando Mlama, ambaye wengi wetu tulimjua kwanza kwa tamthilia zake za Kiswahili, alikuwa mkubwa wa mambo ya taaluma pale Dar es Salaam chini ya Luhanga. Olive Mugenda akawa Naibu Chansela wa Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2006, mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha umma Kenya. Na Zanzibar, taasisi ya teknolojia ya India, IIT Madras, ilipofungua kampasi yake mwaka 2023, aliyepewa kuiongoza ni Profesa Preeti Aghalayam, mwanamke wa kwanza kuongoza kampasi ya IIT popote. Mabinti zetu wasiambiwe tena kwamba kiti hiki kina ndevu.

Kwa upande wa uteuzi, mvutano hauishi. Mwezi wa Januari 2020 Baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilimtangaza Profesa Stephen Kiama kuwa Naibu Chansela. Waziri wa Elimu George Magoha, ambaye yeye mwenyewe alikalia kiti hicho hicho miaka kumi, akaufuta uteuzi na kulivunja Baraza. Kiama akaenda mahakamani, na mwisho ndiye aliyekaa ofisini. Wazazi wengi waliona ni ugomvi wa wakubwa. Lakini chuo kisichojua nani ni mkubwa wake, barua ya mwanao itajibiwa na nani?

Sisi wa pwani

Nasi hatuko nje ya habari hii. Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianzishwa taasisi ya ufundi kwa vijana wa Kiislamu, MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni. Ali Mazrui, ambaye matokeo yake ya sekondari hayakutosha kumwingiza Makerere, alifanya kazi ya ukarani pale kabla hajapata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Karani yule ndiye aliyerudi Makerere kama profesa, na baadaye akawa chansela. Taasisi yenyewe ikawa politekniki, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kilipata hati yake.

Zanzibar, chuo cha Chukwani kilianza mwaka 1998 kwa msaada wa Wakuwaiti, na leo kina jina la marehemu Abdulrahman Al-Sumait, daktari aliyeacha raha za kwao akaja kuhangaika na Afrika. Mwaka huo huo kikaanza Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu. Vyote viwili viliitangulia SUZA. Maana yake ni kwamba watoto wa visiwani na pwani sasa wanaweza kusoma karibu na nyumbani, na fedha za Ghuba, za wakfu na za wazazi, zimechangia. Basi mwenye kuchangia ana haki ya kuuliza uongozi ukoje.

Ya kuuliza kabla ya kulipa ada

Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ilivizuia vyuo 19 visidahili wanafunzi wapya kwa sababu havikutimiza masharti ya ubora. Familia nyingi zilishikwa na mshangao. Hatuna haja ya kungoja mshangao. Haya ndiyo ninayowaambia wazazi wanaonipigia:

Kwanza, angalia chuo na kozi yenyewe, vyote viwili, kama vinatambuliwa na TCU kwa Tanzania au na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa Kenya. Chuo kinaweza kutambuliwa na kozi isitambuliwe.

Pili, uliza kama kiongozi amethibitishwa au anakaimu, na anakaimu tangu lini. Kaimu wa miezi mitatu ni jambo la kawaida. Kaimu wa miaka ni chombo kisicho na nahodha.

Tatu, uliza idara anayokwenda mwanao ina wahadhiri wangapi wa kudumu. Usiulize chuo kizima, uliza idara.

Nne, waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu matokeo hutoka baada ya muda gani, na mahafali ya mwisho wangapi waliachwa. Wao hawana sababu ya kukuficha.

Tano, ikitokea shida, fuata ngazi: mhadhiri, mkuu wa idara, amidi, naibu wa taaluma, kisha Makamu Mkuu. Kila ngazi andika, weka tarehe, tia namba ya usajili, na ubaki na nakala. Wingi wa maneno makali haumwamshi mtu ofisini. Faili lililokamilika humwamsha.

Na la mwisho ni la nyinyi ambao mmesoma, mna vyeo huko mliko. Mabaraza ya vyuo vyetu yana viti vya watu wa nje, na wahitimu wa zamani wana jumuiya zao. Tumezoea kutuma pesa za ada na za jengo la darasa, na Mungu awalipe. Lakini mhasibu wa Dubai anayejua kusoma hesabu za taasisi kubwa, au daktari wa Leicester aliyekaa kwenye bodi ya hospitali, akijitolea kukaa kwenye Baraza la chuo cha nyumbani na akahudhuria vikao vyake, anaweza kumsaidia Makamu Mkuu mzuri na kumbana mbaya. Joho la dhahabu tumwachie mwenye kulivaa. Sisi tuulize habari za yule mwenye karatasi mkononi, na ripoti yake tuisikilize mpaka mwisho.